Daktari bingwa hapatikani kwa barua ya uhamisho

Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nimekuwa nikisoma malalamiko ya wenzangu wa Pemba kuhusu uhaba wa madaktari bingwa, na nikienda arusini au msibani nasikia yale yale: kwa nini mgonjwa wa Chake avushwe bahari hadi Unguja, na kwa nini Wizara haituletei bingwa? Malalamiko haya ni ya haki, ila yanafika wakati jambo limeshapita. Wizara inaweza kumhamisha daktari aliyepo. Haiwezi kumhamisha bingwa ambaye hakupata kuwepo, kwa sababu mwaka ule alipokuwa kijana anatafuta asomee nini hakutokea wa kumwonesha fani hiyo, na waliomkataza walikuwa wengi.

Nataka kusema juu ya mwaka huo, kwa sababu mimi nimeishi nao.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilisomea uuguzi Mbweni, baadaye nikapelekwa hospitali ya KCMC kule Moshi kusomea dawa za usingizi, na kutoka hapo kazi yangu yote nimeifanyia thieta, yaani chumba cha upasuaji, hapa hapa Pemba. Mtu wa dawa za usingizi hukaa kichwani kwa mgonjwa. Wakati naanza hatukuwa na kile kimashine cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni. Tulisoma rangi ya midomo na kucha, na mkono haukuondoka kwenye mpira wa hewa. Ukikaa pale unamwona daktari wa upasuaji, na unawaona vijana wa intani, madaktari wapya walio katika mwaka wa mazoezi, waliojipanga nyuma yake. Wote wanaitazama mikono inayokata. Ni wachache mno waliogeuka kutazama upande wangu, na kwa ajili ya hao wachache ndiyo nimeshika kalamu.

Kwa asiyejua utaratibu: kijana akimaliza kidato cha sita na masomo yake ya sayansi, anaingia chuo cha udaktari kwa miaka mitano. Akitoka ni daktari, lakini bado haruhusiwi kusimama peke yake. Mwaka mmoja anakuwa intani, anazungushwa wodi ya magonjwa ya ndani, ya upasuaji, ya watoto na ya wazazi. Fani nyengine, kama macho, akili, masikio na hii yetu ya usingizi, kwa nilivyoona huzipitia juu juu, na wapo wasiozipitia kabisa. Kisha anaajiriwa, anafanya kazi, na akijaaliwa anaomba kwenda kusomea ubingwa, tuseme Muhimbili, ambako ni miaka myengine, aghalabu mitatu, ya darasani na wodini.

Watu hudhani uamuzi unafanyika pale anapojaza fomu ya ubingwa. Fomu inamkuta ameshaamua. Ameamua katika zile wiki alizokaa kila wodi, na mara nyingi ameamua kwa sababu ya mtu mmoja: daktari mkubwa aliyemwita kwa jina, akamwachia ashone ngozi, akamsubiri bila kumharakisha. Au kwa sababu ya daktari mkubwa aliyemfokea mbele ya wagonjwa kwenye raundi mpaka kijana akaapa kwamba wodi ile hatoikanyaga tena. Nimewaona wa aina zote mbili, na nimewaona vijana wakienda huku na kule kwa mambo hayo, wenyewe wakiamini wanafuata moyo wao tu.

Kuna kijana wa Unguja aliyekuja kwetu akiwa na nia ya upasuaji. Usiku mmoja aliletwa mama kutoka kaskazini, kondo limemtangulia mtoto, damu inatoka, presha imeshuka. Sindano ya mgongo haimfai mtu wa hali ile kwa sababu inaiteremsha presha zaidi, kwa hiyo nikaandaa dawa ya usingizi ya ketamini. Mezani walikuwa wametimia, nikamwambia, "Mwanangu, njoo huku unishikie." Nikamwonesha vidole vikae nyuma ya pembe ya taya, avute mbele, njia ya hewa ibaki wazi. Baada ya muda akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mbona macho yako wazi? Amelala kweli?" Nikamweleza kwamba ketamini ndivyo ilivyo: mtu hayupo nasi wala hasikii maumivu, lakini macho huweza kubaki wazi na pumzi anaivuta mwenyewe, na ndiyo maana hospitali zenye vifaa vichache zinaitegemea. Mtoto akatoka, akalia, watu wote wakageukia kwa mtoto. Yule kijana hakugeuka. Alikuwa anaangalia kifua cha mama kinavyopanda na kushuka.

Tangu usiku ule kila akipata nafasi alikuja kukaa upande wangu. Aliuliza kwa nini tunatanguliza dripu kabla ya sindano ya mgongo. Aliuliza kwa nini mama mjamzito tunamwekea kitu ubavuni ainamie kushoto kidogo, nikamweleza kwamba akilala chali tumbo linaugandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Alikuwa na utulivu unaohitajika, maana katika kazi hii mambo yakiharibika yanaharibika kwa dakika, na anayepiga kelele anapoteza dakika hizo.

Wenzake wakamwambia hiyo ni kazi ya masista. Daktari mmoja mkubwa alimwambia mbele yangu asiipoteze elimu yake. Akavumilia. Kisha ikatoka orodha ya ufadhili wa mwaka ule, na fani ya usingizi haikuwemo. Akachukua iliyokuwemo. Sasa yuko Bara, ni bingwa, na nasikia wagonjwa wake wanamsifu. Simlaumu hata chembe. Lakini kila nikisikia mgonjwa ameahirishiwa upasuaji kwa kukosekana mtu wa kumlaza, namkumbuka yule kijana, na roho inaniuma.

Yale maneno ya "kazi ya masista" yameligharimu taifa kuliko tunavyojua. Nayasema haya nikiwa mimi mwenyewe sista, na kazi ile naiheshimu na nimeifanya kwa uaminifu. Lakini mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo, au mzee mwenye sukari na presha anayekatwa utumbo, anahitaji karibu yake daktari aliyeisomea fani hii mpaka mwisho wake, na muuguzi pamoja naye. Mmoja hamwondoi mwenziwe.

Pesa nazo zina sauti, na hakuna haja ya kuona haya kulitaja hilo. Bingwa wa magonjwa ya ndani, wa wazazi au wa watoto anaweza jioni kufungua kliniki yake mjini akapata cha kuongezea mshahara, naye ana wazazi wa kulea na nyumba ya kujenga. Bingwa wa usingizi hawezi kutundika kibao mlangoni, maana hakuna atakayetoka kwake kwenda kulazwa usingizi bila upasuaji. Wa maabara ya uchunguzi wa magonjwa hali yake ni hiyo hiyo, na wa akili karibu na hapo. Kijana analijua hili tangu yuko chuoni. Tukitaka mtu achague fani isiyo na kliniki ya jioni, basi serikali imfidie waziwazi, iandikwe kwenye mkataba wake tangu siku ya kwanza.

Kisha kuna sisi wazazi. Jirani yangu mmoja alikuwa na mtoto aliyependa sana fani ya magonjwa ya akili. Alizunguka hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu kule Unguja katika masomo yake, akarudi nyumbani anasimulia jinsi mtu aliyeletwa amefungwa kamba alivyotoka baada ya wiki kadhaa za dawa anazungumza vizuri na mamake. Baba akamwambia, "Umesoma miaka yote hii ukakae na wendawazimu?" Mama akaingiwa na hofu ya majini. Kijana alinyamaza, na sasa anafanya kazi nyengine kabisa ya udaktari. Na familia ngapi Pemba zinamficha mgonjwa wa akili chumba cha nyuma kwa sababu hawana pa kumpeleka? Tunaomba bingwa wa akili aje, na akitokea ndani ya nyumba zetu tunamzuia.

Watoto wetu wa kike wana mzigo wao mwengine. Kwetu hapa wanawake wengi, na waume zao, wanataka mwanamke awazalishe. Mimi pia nilipokuwa najifungua nilitaka hivyo, na ni jambo la staha. Lakini matokeo yake kila binti akimaliza udaktari anaelekezwa wodi ya wazazi kabla hajafungua mdomo. Wapo wanaoipenda kazi hiyo, na Mwenyezi Mungu awazidishie. Namjua mmoja aliyekuwa na mikono ya upasuaji wa mifupa. Alikuwa akinyoosha mguu uliovunjika nawe ukaona mfupa umetii. Akaambiwa mifupa ni kazi ya nguvu ya wanaume, zamu za usiku ni nyingi, nani atamuoa? Nauliza: wodi ya wazazi haina zamu za usiku? Watoto huzaliwa saa ngapi?

Si kila kinachomvuta kijana ni pesa au maneno ya watu. Daktari mmoja wa kike kutoka Micheweni aliniambia alitaka kuwa daktari wa watoto tangu yuko skuli ya msingi, mdogo wake alipofariki kwa malaria. Mzee yeyote wa Pemba anaikumbuka wodi ya watoto ya zamani wakati wa mvua za masika: wawili kitanda kimoja, dripu zimening'inia, mama zao wamelala sakafuni. Ikaja dawa mseto mwaka 2003, vikafuata vyandarua vyenye dawa na kupuliza majumbani, na malaria ikashuka sana visiwani kwetu. Kwa hiyo alipofika wodini akiwa daktari, ugonjwa uliomleta hapo karibu hakuukuta. Alikuta watoto njiti, watoto waliochoka kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, nimonia, utapiamlo. Nilimwuliza kama amejuta. Akasema mwanzo alihisi kama amechelewa vita, lakini siku alipomvusha njiti wa kwanza, aliyekuwa akifungwa kifuani kwa mamake kupata joto, alijua hatoki tena wodi ile. Hajatoka mpaka leo. Mtu wa namna hiyo huwezi kumtengeneza kwa waraka, lakini unaweza kumpa fursa ya kumkuta yule njiti.

Na fursa inafuata mwalimu alipo. Tazama hospitali ya Mnazi Mmoja kule Unguja. Kabla ya mwaka 2014 sikupata kumsikia intani akiniambia anataka upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Mwaka huo likafunguliwa pale jengo la upasuaji huo kwa msaada wa taasisi ya Kihispania ya NED, madaktari wa nje wakawa wanakuja kufanya kazi na kufundisha, na baada ya muda vijana wakaanza kuitaja fani hiyo midomoni mwao. Ugonjwa ulikuwepo siku zote, watoto wenye vichwa vikubwa vilivyojaa maji walikuwepo siku zote. Kilichoongezeka ni mtu wa kutazamwa akifanya kazi.

Wazee waliotutangulia nao walikwenda palipofunguliwa mlango. Dk. Ali Mohamed Shein, mwana wa Chokocho, alisoma Voronezh katika Umoja wa Kisovieti na baadaye Newcastle nchini Uingereza, akawa mtaalamu wa biokemia ya tiba. Na mwaka 2007 tulipoanzishiwa hapa Zanzibar chuo cha udaktari kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Matanzas cha Cuba, ambacho leo kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, vijana wetu walianza kufundishwa na watu ambao kwao daktari wa familia ndiye msingi. Cuba ilianza mpango wake wa daktari wa familia mwaka 1984, na madaktari wao wengi hupitia huko kwanza kabla ya fani nyengine. Baadhi ya vijana waliofundishwa na Wacuba waliniambia hawakujua kwamba kumjua mgonjwa nyumbani kwake, na jikoni kwake, ni fani inayosomewa.

Wachina kutoka jimbo la Jiangsu wanakuja Zanzibar kutibu tangu mwaka 1964, na hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa nchi yao. Nimefanya kazi nao na ni watu wa bidii, hawachagui saa. Lakini zamu yao ikimalizika wanarudi kwao, na kwa sababu ya lugha intani hujifunza kwa macho zaidi kuliko kwa masikio. Hawawezi wao kuwa ndio walimu wetu wa kudumu, wala hatuna haki ya kuwadai hilo.

Sasa hesabu. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lililokutanishwa na jarida la kitabibu la Lancet lilipendekeza kwamba kila watu laki moja wawe na angalau mabingwa 20 wa fani tatu kwa pamoja: upasuaji, usingizi na uzazi. Sensa ya 2022 ilihesabu Pemba watu zaidi ya laki tano na elfu arubaini. Maana yake tungehitaji zaidi ya mabingwa 100 wa fani hizo tatu peke yake. Anayefanya kazi ndani ya hospitali zetu anajua tuko mbali kiasi gani na idadi hiyo, na anajua pia kwamba majengo mapya na vitanda vipya tulivyopata miaka hii havitatibu bila watu.

Ombi langu la kwanza, na ndilo kubwa: intani wote wa Zanzibar wapitishe sehemu ya mwaka wao Pemba, chini ya bingwa anayekaa Pemba, mwenye muda uliotengwa wa kufundisha. Wasiletwe kuziba mapengo ya zamu. Wapewe nyumba yenye maji na nauli ya boti, kwa sababu nimewaona wakilala wanne chumba kimoja na kuhesabu siku za kuondoka, na mtu anayehesabu siku hapendi kitu. Katika muda huo kila mmoja akae wiki mbili kwenye dawa za usingizi na wiki mbili kwenye magonjwa ya akili. Wiki mbili tu zinatosha mtu kujua kama damu yake inakubaliana na kazi hiyo.

Pili, orodha ya fani zitakazofadhiliwa itangazwe kabla mwaka wa intani haujaanza, na ipangwe kwa mahitaji ya kila hospitali. Kijana akijua kwamba Wete inatafuta bingwa wa usingizi na Micheweni inatafuta wa watoto, na nafasi hizo zimeshalipiwa, ataingia wodini kwa macho mengine. Sasa hivi orodha inatoka ameshakata tamaa au ameshachagua.

Na si lazima kila anayesomea ubingwa aondoke. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoundwa 1999, kinamfundisha daktari akiwa hospitali anayofanyia kazi, chini ya msimamizi, kisha anafanya mitihani. Wa usingizi nao wana chuo chao cha kanda cha namna hiyo. Hospitali inahitaji kukaguliwa na kukubaliwa, na iwe na mabingwa wa kusimamia. Naiomba Wizara ichague hospitali moja tu ya Pemba, iiandae kwa hilo, hata kama mwanzo msimamizi atakuwa anakuja kutoka Mnazi Mmoja kwa zamu. Pale Wawi tuna Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, tangu mwaka 2000, na wataalamu wanatoka nchi za mbali kuja kufanya utafiti wa kichocho na minyoo wakiwa hapa hapa Chake. Kama utafiti umeweza kuwaleta watu, mafunzo ya ubingwa yataweza.

Madaktari wakubwa, wanangu niliofanya nanyi kazi, mnajua nawaheshimu. Mkiwa na intani msiseme vibaya fani ya mwenzenu. Nyinyi mnapita kwenda chai, yeye anabaki na maneno yale.

Na wewe intani unayesoma barua hii ukiwa Pemba au Unguja: usingoje utaratibu ubadilike. Mwombe daktari dhamana wako wiki moja upande wa kichwani kwa mgonjwa. Mimi bado nipo Machomanne, nina nguvu zangu, na hospitali yoyote ya Pemba itakayonikubalia nitakuja asubuhi kukuonesha taya linavyovutwa na dripu inavyotangulizwa, bila malipo.

Wassalamu,

Muuguzi mstaafu wa dawa za usingizi,
Machomanne, Chake Chake, Pemba.